Mwenye Chombo: Kumbukumbu ya Wanawake Waliomiliki Mashua Ziwani

Tulipowapa wanafunzi wetu wa kidato cha pili insha iliyoitwa "Mwenye Chombo", tulitaka tu kupima kama wameshika msamiati wa usafiri wa majini tuliokuwa tumewafundisha juma lililotangulia. Waliandika vizuri. Walitaja mlingoti na tanga, usukani na nanga, nahodha na mabaharia wake. Lakini tulipokuwa tukisahihisha, tuligundua jambo ambalo hatukulitazamia. Katika madaftari yote, ya wasichana na ya wavulana, mwenye chombo alikuwa mzee mwenye kofia, au tajiri mwenye kitambi, au baba wa mwandishi mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mama.

Wala Kiswahili hakikuwalazimisha. Lugha yetu haina kiambishi cha kiume wala cha kike. Mwenye ni mwenye, na yeye ni yeye. Uume wa mwenye chombo haukutoka katika sarufi. Ulitoka katika fikra za watoto, na fikra za watoto hujazwa na sisi wakubwa, kwa yale tunayowasimulia na zaidi kwa yale tusiyowasimulia. Siku ile tulirudisha madaftari bila ya kusema neno. Makala haya ndiyo maneno tuliyopaswa kuyasema.

Mji usio na maji

Msomaji asiyeijua Malaba atauliza: kwa nini mwalimu wa Malaba aandike habari za mashua? Hapa hapana ziwa. Pana mto mwembamba, daraja, reli, na msururu wa malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na mbele yake. Upande wa mashariki ni Kenya, katika kaunti ya Busia. Upande wa magharibi ni Uganda, katika wilaya ya Tororo. Watu wa pande zote mbili ni wale wale. Wateso wako huku na huko, na ukiteremka kusini kuelekea Busia na ziwani utawakuta Wasamia nao wamegawanywa na mstari ule ule. Mstari wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, hata kufika Bonde la Ufa, ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo ndipo ilipohamishwa kwa amri ya wakoloni ikawa sehemu ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya.

Lakini ziwa hutufikia kila siku, nalo hutufikia ndani ya magunia. Humo mna dagaa wakavu, wale ambao Wakenya huwaita omena, Waganda huwaita mukene, na Watanzania huwaita dagaa. Samaki ni mmoja, majina ni matatu. Na katika soko la mpakani muuzaji hodari huyataja yote matatu kwa pumzi moja. Dagaa hao huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa taa za nguvu za jua. Huanikwa ufukoni asubuhi. Na wakikauka hutiwa guniani, hupakiwa garini, hupimwa kwa gorogoro na kwa debe. Kutoka Busia na Malaba wengine huendelea safari hadi Kongo na Sudan Kusini. Na katika safari yote hiyo, kuanzia mchanga wa ufukoni hadi meza ya sokoni, mkono unaowagusa samaki aghalabu ni mkono wa mwanamke.

Wanawake hao wana historia yao wenyewe katika mpaka huu. Katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipoanguka chini ya utawala wa Idi Amin na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika mwaka 1977, sabuni, chumvi na sukari vilivuka mpaka kwa njia za panya, na wengi waliovivusha walikuwa akina mama. Baiskeli zilizobeba abiria na mizigo katika uwanda ulio kati ya vituo viwili vya forodha ndizo zilizozaa jina la bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, wafanyabiashara wadogo walipata utaratibu mwepesi wa forodha kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000. Na mwezi wa Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili. Mama muuza dagaa amekuwapo katika kurasa zote hizo, ingawa jina lake halikuandikwa.

Basi swali letu ni hili: ikiwa samaki ameanikwa na mwanamke, amebebwa na mwanamke na ameuzwa na mwanamke, mbona chombo kilichomvua kilikuwa cha mwanamume?

Vyombo vyenye majina ya wanawake

Historia ya Ziwa Viktoria ina kejeli moja ambayo hatukuweza kuipita bila ya kuitaja. Mwaka 1875, Mwingereza Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Mashua hiyo iliitwa Lady Alice, jina la msichana wa Kimarekani aliyekuwa amemposa. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa ziwa, kituo hicho, ambacho leo ni Kisumu, kiliitwa Port Florence kwa jina la mke wa Ronald Preston, msimamizi wa kutandika reli. Meli mbili zilizofuata kushushwa majini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ziliitwa Winifred na Sybil. Na kwa kuwa reli haikupita hapa Malaba kuelekea Tororo mpaka miaka ya 1920, wala haikufika Kampala mpaka mwaka 1931, mizigo ya Uganda kwa miaka mingi ilivuka ziwa ndani ya matumbo ya meli zenye majina ya wanawake.

Wenyeji nao hawakuwa mbali na kejeli hiyo. Mtumbwi wa mvuvi mara nyingi hupewa jina la mama, la mke au la binti. Lakini mwanamke mwenyewe hakupanda. Miongoni mwa Waluo, na miongoni mwa majirani wao wengi wa ukingoni mwa ziwa, ilikuwa mwiko mwanamke kuingia katika chombo cha uvuvi. Iliaminika kwamba angefukuza samaki au kuleta balaa. Mwiko huu haukuwa mzaha. Ulifunga mlango wa mali. Maana asiyeruhusiwa kuingia chomboni hawezi kujifunza kukiongoza. Asiyejua kukiongoza haonekani kuwa anafaa kukimiliki. Na asiyekimiliki hana budi kungoja ufukoni na beseni lake, kumsubiri mwenye nacho. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Huyu hakutegemea hata cha ndugu. Alitegemea cha mtu baki.

Samaki alipopanda bei

Hata hivyo hatupendi kuisingizia mila kila kosa. Zamani, samaki walipokuwa tele, kungoja ufukoni hakukuwa fedheha. Mvuvi alirudi na ngege, fulu, mumi na kamongo, na muuzaji alichagua amnunulie nani. Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Nyavu za kutega za kizungu ziliingia katika Ghuba ya Winam mwaka 1905, na baada yake zikaja za nailoni, nyepesi na zenye kudumu. Katika miaka ya 1950 alipandikizwa ziwani samaki mgeni, yule anayeitwa mbuta nchini Kenya na sangara nchini Tanzania. Samaki huyu ni mkubwa, mla wenzake. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kutawala maji, na jamii nyingi za fulu wa asili zilikuwa zimetoweka.

Mbuta alileta fedha nyingi, lakini hazikupitia katika beseni la mama. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa Kisumu na kwingineko, minofu ikapelekwa Ulaya, na mawakala wa viwanda wakaja ufukoni na magari ya barafu na mikopo ya nyavu. Mwanamke aliyekuwa akinunua samaki mzima sasa alinunua kilichobaki baada ya minofu kuondolewa, yaani kichwa, mifupa na mkia. Lugha ya mitaani haikukawia kukipa kitu hicho jina. Kisumu walikiita mgongo wazi. Mwanza walikiita mapanki. Tunawaomba walimu wenzetu wayatazame maneno hayo mawili kwa makini, kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya uchumi ambayo kitabu cha kiada kingehitaji sura kamili kuieleza.

Akina mama wengi wakageukia dagaa, ambao viwanda vya minofu havikuwataka. Lakini wauzaji waliongezeka na samaki wakapungua mwaka hata mwaka, na pale wanunuzi wanapozidi kitu kinachonunuliwa, mwenye kitu ndiye anayeweka masharti. Hapo ndipo desturi iitwayo jaboya ilipokomaa katika fukwe nyingi za upande wa Kenya. Mvuvi humwahidi mwanamke samaki wake wa kila siku, si kwa fedha tu, bali kwa kulala naye. Mwenye kukataa huondoka na beseni tupu, na watoto nyumbani wanangoja. Tunaandika jambo hili kwa uzito wake, kwa kuwa halikuwa uhuni wa watu wachache. Ulikuwa utaratibu wa soko, nao ulibeba mauti, maana maambukizi ya ukimwi katika kaunti za ukingoni mwa ziwa yamekuwa miongoni mwa ya juu kabisa nchini Kenya.

Nduru

Katika kaunti ya Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam, kuna ufuko uitwao Nduru. Huko, mwaka 2011, kikundi cha wanawake wauza samaki kilifanya jambo ambalo kwa maneno ni jepesi: walipata mitumbwi yao wenyewe. Fedha za kuiunda zilitokana na msaada wa Marekani, kwa kupitia vijana wa kujitolea wa Peace Corps waliokuwa wakifanya kazi mahali hapo. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Justine Adhiambo Obura, muuza samaki kama wenzake, ambaye ushupavu wake ulimfanya baadaye aandikwe katika magazeti ya nchi za mbali.

Kikundi kilijiita kwa Kiingereza No Sex for Fish. Sisi walimu wa lugha tulipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza tulishtuka kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kimezoea tasfida. Tungalisema "kukataa masharti mabaya", au "heshima ya mama muuza samaki". Lakini tulipofikiri tena tuliona kwamba tasfida ndiyo iliyokuwa imelificha jambo lenyewe kwa miaka mingi. Neno jaboya lenyewe lilikuwa pazia. Wanawake wale walilipasua, wakalitaja jambo kwa jina lake, na jina likawa bango ambalo kila mtu aliyepita ufukoni hakuweza kujifanya hakulisoma. Kuna wakati adabu ya lugha humlinda mkosaji, na mwalimu anapaswa kujua wakati huo ni upi.

Sasa tueleze jinsi kazi ilivyokwenda, kwa kuwa hapo ndipo lilipo somo. Wanawake wa Nduru hawakwenda kuvua. Waliwaajiri wanaume wavue. Chombo kilikuwa cha mama, na mabaharia walilipwa kutokana na pato la chombo. Kilichogeuka si mgawanyo wa kazi. Wanaume waliendelea kutupa nyavu, na wanawake waliendelea kuanika na kuuza. Kilichogeuka ni amri. Jana mvuvi alimwuliza mwanamke, "Utanipa nini?" Leo mwanamke alisimama ufukoni alfajiri na kumwuliza mvuvi, "Umeniletea nini?" Swali ni lile lile, ila limehama kinywa. Na kwa kuhama huko, mwanamke hakuhitaji tena kujadiliana kuhusu mwili wake ili apate samaki ambao tayari walikuwa wake.

Waliwakuta wapinzani, kama ilivyo kwa kila jambo jipya. Mwiko wa zamani ulikumbushwa. Mitumbwi ya wanawake ikatiliwa shaka. Lakini mwiko una udhaifu mmoja: hauwezi kushindana na mshahara. Mvuvi asiye na mtumbwi wake alihitaji chombo cha kufanyia kazi, na alipoona kwamba chombo cha mama nacho hukaa juu ya maji, alipanda.

Binti wa muunda mashua

Ili tuone uzito wa tendo hilo, na tupande juu kidogo tuitazame dunia. Huko Ufaransa, katika pwani ya Vendée, ulikuwapo mji mdogo wa wavuvi ulioitwa Croix-de-Vie. Mwaka 1884 fundi mmoja, Benjamin Bénéteau, alianzisha hapo karakana ya kuunda mashua za uvuvi. Mjukuu wake, Annette, aliyezaliwa mwaka 1942 na ambaye baada ya kuolewa aliitwa Annette Roux, alikabidhiwa karakana hiyo mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22 tu. Mambo yalikuwa mabaya. Wavuvi walikuwa wakipungua, na maagizo ya mashua yakapungua pamoja nao.

Annette akishirikiana na nduguye André, aliyekuwa mchoraji wa vyombo, walifanya mageuzi. Waliacha mbao wakatumia plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na wakaunda mashua ndogo ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzitumia kwa kuvua samaki siku ya mapumziko au kwa matembezi tu. Wakazipeleka katika maonyesho ya mashua ya Paris. Kutokana na hatua hiyo, karakana ya wavuvi ikawa mojawapo ya makampuni makubwa kabisa duniani ya kuunda mashua za matanga za starehe. Mwaka 1984 hisa zake ziliingizwa katika soko la hisa. Mwaka 1986 ikafungua kiwanda Marekani, katika mji wa Marion, jimbo la South Carolina. Na mwaka 1995 ikainunua kampuni ya Jeanneau, mshindani wake wa miaka mingi kutoka Vendée hiyo hiyo. Mwanamke mmoja alikuwa ndiye kiongozi katika biashara ambayo wengi waliihesabu kuwa ya wanaume.

Hatuwalinganishi akina mama wa Nduru na Bibi Roux ili tuwadharau wala ili tuwakweze. Tunawalinganisha kwa sababu wote walianzia mahali pamoja, napo ni mashua ya mvuvi. Tofauti zao ndizo zinazofundisha. Bibi Roux alirithi karakana, mafundi, na jina la babu lililokuwa limekwisha kuaminika. Akina mama wa Nduru hawakurithi chochote ila mwiko. Yeye aliunda vyombo na kuviuza. Chombo kimoja kikiharibika, vilikuwapo vingine karakanani. Wao walipewa vyombo. Na chombo kikiharibika, palibaki pengo. Mwenye karakana na mwenye mtumbwi wote ni wenye vyombo, lakini mmoja anamiliki chemchemi na mwingine anamiliki ndoo.

Maji yalipopanda

Ndoo, kwa bahati mbaya, huvuja. Mtumbwi wa mbao katika ziwa letu hauna maisha marefu. Maji na jua huula, mbao huachana, misumari hushika kutu. Usipokalafatiwa kwa wakati hunywa maji. Na kukalafati kunataka pamba, lami na fundi, na fundi anataka fedha. Samaki nao waliendelea kupungua. Miaka ilivyopita, mitumbwi mingi ya kikundi iliharibika, na wapo wanawake waliojikuta tena ufukoni na beseni, wakingoja.

Kisha yakaja maji. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 ziliendelea hadi mwaka uliofuata, na mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilijaa hadi kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mafuriko ya miaka ya 1960. Kijiji cha Nduru kilifunikwa. Watu walihama nyumba zao wakakimbilia mahali palipoinuka, na ufuko uliokuwa soko, ofisi na uwanja wa mikutano wa wanawake wale ukawa chini ya maji, pamoja na viboko na mamba waliofuata maji hayo.

Tulisoma habari hizo tukiwa Malaba, wakati malori yalipokuwa yamesimama maili kwa maili kwa sababu ya upimaji wa madereva katika ugonjwa wa korona. Lazima tukiri kwamba fikra yetu ya kwanza ilikuwa ya kukata tamaa. Tulijiambia: basi, imekwisha, mwiko umeshinda kwa msaada wa mvua. Lakini mwalimu mwenzetu mmoja, mama mwenye kufundisha hesabu, alituuliza swali ambalo hatujalisahau. Alisema, "Mwanamume akizama na mtumbwi wake, je, mnasema wanaume hawafai kumiliki mitumbwi?" Tukanyamaza. Ni kweli. Mvuvi akipoteza chombo husemwa kwamba ana bahati mbaya. Mwanamke akipoteza chombo husemwa kwamba si kazi yake. Mafuriko hayakuchagua. Yalichukua vyombo vya wote.

Tena kuna kitu ambacho maji hayakukichukua. Kwa muda wa miaka kadhaa, watoto wa Nduru waliwaona mama zao wakisimama ufukoni kama wenye vyombo. Mtoto aliyeona hivyo hawezi kuandika insha kama zile tulizosahihisha sisi. Mlango ukishafunguliwa mara moja, hata ukifungwa tena, watu wanajua kwamba ule ni mlango, si ukuta.

Kazi yetu walimu

Tuna mambo matatu ya kuwaomba wenzetu.

La kwanza ni msamiati. Tunapofundisha maneno ya vyombo, tusiyafundishe kama mawe yaliyopangwa rafuni. Mkuku, taruma, omo, tezi, foromali na jarife ni maneno yenye watu ndani yake. Mwanafunzi wa bara, ambaye hajaiona bahari, aulizwe: nani alikuwa na fedha za kununua mbao za mkuku huu? Nani alilipwa, na nani alingoja? Maneno ya pwani na maneno ya ziwani yawekwe pamoja: jahazi na mtumbwi, dagaa na omena, sangara na mbuta, mapanki na mgongo wazi. Hapo mtoto wa Malaba ataona kwamba Kiswahili si lugha ya watu wa mbali, bali ni lugha ya gunia lililopakiwa mbele ya mlango wa mama yake.

La pili ni mifano tunayoitunga. Vitabu vyetu vya sarufi vimejaa sentensi ambamo Juma analima, anaendesha, ananunua na kumiliki, na Asha anapika, anafagia na kuchota maji. Hakuna kanuni ya upatanisho itakayovunjika Asha akimiliki mashua. "Mashua ya Asha imerudi" ni sentensi sahihi kama "mashua ya Juma imerudi". Ni sahihi kisarufi, na tangu mwaka 2011 tunajua kwamba ni sahihi kihistoria pia.

La tatu ni kumbukumbu. Habari za Bibi Roux zimeandikwa, kwa sababu kampuni huhifadhi nyaraka zake, na soko la hisa huhitaji hesabu. Habari za wanawake wa maziwa yetu na mipaka yetu huhifadhiwa vichwani, na kichwa huzikwa na mwenyewe. Wanafunzi wetu wana bibi waliovusha chumvi katika miaka ya 1970, mama wanaopima dagaa kwa gorogoro, shangazi wanaoijua bei ya Busia, ya Tororo na ya Kisumu kwa siku moja. Wapewe daftari, watumwe nyumbani wakaulize na kuandika. Wasitafute mashujaa tu. Waandike bei, majina ya samaki, majina ya vyombo, na ni nani aliyekuwa mwenyewe.

Sisi tumeanza. Muhula uliofuata tuliwapa wanafunzi insha ile ile, "Mwenye Chombo", baada ya kuwasimulia habari za Nduru kwa vipindi viwili. Safari hii, katika madaftari kadhaa, mwenye chombo alikuwa mama. Msichana mmoja ambaye mama yake huuza dagaa karibu na reli aliandika kwamba mwenye chombo alisimama ufukoni alfajiri, akahesabu mabeseni, akawalipa mabaharia, akabakiza fedha ya lami. Hatukuwa tumemfundisha habari ya fedha ya lami. Tulipomwuliza ameijulia wapi, alijibu kwamba mama yake husema kila mwenye kitu lazima abakize cha kukitengenezea. Tulimpa alama zote, na pembeni mwa daftari tukaandika neno moja: Sawasawa.